Kikombe hakitoki: kisa cha mtoto wa dada na ile saa tisa usiku

Saa tisa usiku simu inaita, naangalia ni mtoto wa dada yangu, yuko Mwanza anasoma chuo mwaka wa pili, na mtu wa miaka 20 hakupigii saa tisa usiku kukusalimia, kwahiyo hata kabla sijapokea nshawaza ajali, nshawaza msiba, nshawaza mimba, vyote kwa sekunde tatu.

"Mamdogo shikamoo, samahani nakuamsha."

"Marahaba mama, kuna nini?"

Kimya. Namsikia anavuta kamasi. Halafu kwa sauti ya chini kabisa, "kile kikombe hakitoki."

Kikombe kipi tena jamani. Ikanichukua muda kuelewa kwamba anaongelea kikombe cha hedhi, kile cha silikoni kinachoingizwa ukeni kukinga damu badala ya pedi, na hapo ndo nikakaa kitandani nikawasha taa. Ameniruhusu nikiandike hiki kisa mradi nisimtaje, na naandika kwa sababu nimegundua kila mtu anayefundisha hivi vikombe anafundisha kuingiza, kuingiza, kuingiza, halafu kutoa wanasema "unavuta taratibu" wanahamia mada nyingine. Mi sio daktari, ni mtumiaji wa mwaka wa sita huu, ila usiku ule nimeufikiria sana na nikarudi kusoma vitu vingi ambavyo nilikuwa navifanya kwa mazoea tu.

Alikipataje? Kuna watu walikuja chuoni kwao kutoa semina, wakagawa bure. Maelezo dakika ishirini, wasichana zaidi ya hamsini ukumbini, dada wa watu kasimama mbele na kikombe cha rangi ya zambarau anakikunja kama herufi C, huku nyuma watu wanacheka. Ukiuliza swali unaangaliwa. Ye hakuuliza. Akakiweka kwenye sanduku miezi miwili, mpaka mwezi ule pedi zimeisha, hela ya matumizi haijaingia, akasema leo leo.

Asubuhi akakichemsha, hilo alilikumbuka. Mchana saa saba kabla ya kipindi akaingia nacho bafuni, jaribio la tatu ndo kikakaa, akatembea, akakaa darasani, akaenda kula, hakusikia kitu. Anasema alijiona mjanja kweli, akamtumia mwenzake wa chumba meseji ya kujisifu. Saa nne usiku akataka kukitoa alale. Akalala chali kitandani, akapanua miguu, akashika kale kamkia kanakoning'inia chini ya kikombe, akavuta. Kikagoma. Akavuta kwa nguvu, akasikia kama kuna kitu kinavutwa tumboni huko ndani, akaachia. Akasubiri nusu saa, akajaribu tena, sasa hata kamkia hakashikiki, kameteleza kamepanda juu. Saa sita akaanza kulia. Saa saba akaingia mtandaoni kutafuta, akakutana na hadithi za mtu kukatwa miguu. Saa nane na nusu mwenzake wa chumba, kwa nia njema kabisa, akaleta kibano cha nyusi.

Aliponitajia kibano nilipiga kelele mpaka mume wangu akaamka. Achaneni na hicho kitu, sitaki hata kusikia! Nyama ya mule ndani ni laini, kibano kinashika nyama kabla hakijashika silikoni.

Sasa ngoja niseme nini kilikuwa kinaendelea mle, maana ukielewa hili nusu ya hofu inaisha. Umewahi kuona mtoto anachukua kikombe cha plastiki, anakiweka mdomoni anavuta pumzi, kinaganda usoni anatembea nacho sebuleni kama pua ya nguruwe, ukikitoa anabaki na duara jekundu? Ndo hicho hicho. Kikombe cha hedhi kikifunguka ndani mdomo wake unabana ukuta wa uke pande zote, na hewa ya ndani ukivuta inazidi kupungua, kwahiyo ukikivuta kwa kamkia peke yake unaongeza ule mgando, na ile hisia ya kitu kuvutwa tumboni ni kweli sio ndoto, unavuta kikombe pamoja na kile kilichoganda nacho. Yule mtoto usoni hakitoi kwa kuvuta, anaingiza kidole pembeni hewa iingie. Hapo pia ni hewa tu inatakiwa.

Kosa la pili ni kulala chali. Ukilala kikombe kinapanda, na mwili ukiwa na hofu misuli ya nyonga inajikaza bila kukuomba ruhusa, ndo maana saa nne kamkia kalikuwepo na saa sita hakapo. Yeye akatafsiri kwamba kimeingia kwenye kizazi. Hakiwezi. Uke ni njia fupi, wengi wakiingiza kidole cha kati wanagusa mwisho wake au wanakaribia, na huko mwisho kuna mlango wa kizazi ambao tundu lake ni dogo mno, damu ndo inapita, kikombe kinapitaje? Hakiendi tumboni, hakiendi kwenye figo, hakipotei. Nilimwambia hivyo akaniuliza "una uhakika mamdogo?" nikamwambia nina uhakika kama ninavyojua jina lako, na nikasikia pumzi imeshuka.

Tukaanza upya. Nikamwambia kanywe maji, kakojoe, halafu kaa dakika ishirini usiguse kitu, tupige stori. Tukaongea mambo ya mjomba wake na ile pikipiki yake. Hizo dakika ishirini naziona ndo dawa kuliko chochote nilichosema baadaye. Halafu nikamuuliza kucha zako zikoje. Kimya tena. Kumbe kabandika kucha ndefu kwa ajili ya harusi ya rafiki yake wiki iliyopita, na kwa masaa matano amekuwa anachokonoa na kucha hizo. Akaanza kusema inauma kama pilipili na kuna damu nyekundu mpya. Bas, cha kidole gumba na cha shahada tukazikata na mkasi pale pale, akanawa mikono kwa sabuni, akaenda bafuni na ndoo, simu kaiweka juu ya dirisha kwa spika. Bafu la kushea wapangaji sita, hiyo nayo ni habari yake.

"Chuchumaa, kama chooni kabisa." Akachuchumaa. "Sasa jikamue kama unaenda haja kubwa, shikilia, usiingize kidole kwanza." Mara ya tatu akasema amekasikia kamkia. Hapo ndo pa muhimu: nikamwambia kamkia ni ngazi tu, usikavute, kafuate kwa kidole mpaka ufike kwenye kitako cha kikombe, pale penye mistari mistari, kitako kinene kidogo kuliko kamkia. Ukikifika kibonyeze kwa vidole viwili mpaka kikunjike. Anabonyeza anateleza. Nikamwambia futa vidole kwa taulo, silikoni ikilowa haishikiki. Akabonyeza tena, na huku kwenye simu mimi mwenyewe nikasikia kimlio, pyuu, kama mfuniko wa chupa ya chai. Akasema "maaaamdogo." Nikamwambia usiachie, bado umebonyeza hivyo hivyo kichezeshe kulia kushoto, kikifika mlangoni kilaze upande mmoja utoke kwanza, usikitoe kizima kama kilivyo maana hapo mlangoni ndo panauma. Kikatoka. Kikamwagika chote miguuni. Ilikuwa kama saa kumi kasoro ishirini na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mpangaji wa chumba cha pili anagonga mlango anauliza kuna nini humo.

Kesho yake nikakaa nikajiuliza, hivi hatari ilikuwa wapi hasa? Maana ye alikuwa anaogopa vitu vitatu, kupotea, kufurika, na ule ugonjwa wa kukatwa miguu.

Kupotea nshasema. Kufurika, fikiria tu kwamba mwanamke wa kawaida kwa hedhi nzima anatoa kama mililita 30 hadi 40, yani vijiko viwili vitatu vya chakula, ikipita 80 ndo madaktari wanaiita nyingi, na kikombe kimoja kinabeba kama 20 hadi 30. Tunaona nyingi kwa sababu kwenye pedi inasambaa. Hakuna kurudi nyuma kuharibu kizazi hapo, kikijaa kinavuja kwenye chupi, mwisho.

Ule ugonjwa unaitwa TSS, yani Toxic Shock Syndrome. Ni sumu inayotengenezwa na bakteria wanaoitwa stafilokokasi, wengi tunaishi nao kwenye ngozi na puani bila shida, ila wakipata mazingira wakamwaga sumu kwenye damu mtu anaweza kufa au kweli kukatwa viungo. Ulipata umaarufu Marekani mwaka 1980, wagonjwa wengi walikuwa wanatumia tamponi, vile vipamba vya kuingiza ukeni, zile za kunyonya sana. Kikombe hakinyonyi, kinakinga, lakini hakuna anayeweza kukuambia haiwezekani, kesi zipo. Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 43 zenye wanawake na wasichana 3,319, na wakatafuta na ripoti za kesi duniani, wakakuta tano za TSS kwa watumiaji wa vikombe. Na jirani zetu Siaya, Kenya, wasichana wa miaka 14 hadi 16 kwenye utafiti wa shule za msingi 30 walipewa vikombe, wengine pedi, wakafuatiliwa, haikuonekana hata kesi moja. Yani maji ya kuteka, vyoo vya shimo, na bado.

Binti yetu alikaa nacho karibu masaa 15. Kikomo kinachosemwa na watengenezaji wengi ni 12, wengine wanasema 8. Kuzidisha masaa karibu matatu mara moja sio hukumu ya kifo na nilimwambia hivyo, ila nikampa na za kuangalia siku mbili tatu: homa kali ya ghafla, vipele vyekundu kama mtu aliyeunguzwa na jua, kutapika, kuharisha, kizunguzungu ukisimama, misuli kuuma. Ukiona hayo unatoa kikombe unakimbia hospitali siku hiyo hiyo na unawaambia wazi nilikuwa natumia kikombe, usione aibu, maana wasipojua watakupima malaria na taifodi mpaka muda uishe.

Kilichomuumiza kweli ni kucha zake. Ndo hivyo, masaa yote kaogopa kikombe na jeraha kalitia mwenyewe kwa mkono. Akikojoa inachoma, siku ya pili akaenda zahanati moja huko, sitaitaja, muuguzi swali la kwanza "umeolewa?" la pili "nani kakuambia uweke vitu huko?" Mkojo wakapima ukawa safi, michubuko wakaiona, wakamwambia apumzike asiweke chochote mpaka ipone. Ushauri sahihi, ila hayo maswali mawili ndo yanafanya mabinti wakae chumbani na kibano. Mtu aliyekwama na kitu mwilini saa nane usiku hakwenda hospitali kwa sababu aliogopa kuulizwa hivyo hivyo alivyoulizwa.

Na jamani kwenye ule uchambuzi wa 2019 kuna kitu nikakisoma mara mbili: walikuta wanawake 49 waliohitaji mtaalamu kuwasaidia kutoa, na kati yao 47 walikuwa wanatumia aina ile inayokaa juu kabisa kuzunguka mlango wa kizazi, sio hii yenye umbo la kengele ambayo ndo wengi tunayo. Wa kengele walikuwa wawili. Kwahiyo kukwama kabisa mpaka mtaalamu ni nadra, ila ikitokea ni kwenda, mtu mwenye mwanga na glovu anakitoa dakika mbili. Ningempa mpaka asubuhi, kisipotoka aende.

Sasa zile ambazo yeye hakuziogopa na mimi ndo zinaninyima usingizi. Moja ni kitanzi. Ukiwa na kitanzi cha uzazi wa mpango, nyuzi zake zinaning'inia pale pale kikombe kinapokaa, ule ule mgando na kuvuta vinaweza kukiondoa kitanzi mahali pake bila wewe kujua, kwenye ule uchambuzi walikuta kesi 13 hivyo. Unaendelea na maisha unajua umejikinga kumbe. Mwenye kitanzi aongee kwanza na aliyemuwekea, waone kama nyuzi zipunguzwe, na kila mara kikombe kitolewe kwa kubonyeza kitako. Nyingine ni figo. Zipo kesi tatu za kikombe kukaa vibaya kikabana njia ya mkojo mpaka figo ikavimba, mwanamke anakuja na maumivu ya ubavuni makali hajui yametoka wapi. Ukiweka kikombe mkojo ukawa unatoka kwa kukatakata au ubavu unauma, toa, bas. Mara nyingi ni kwamba kikombe ni kigumu mno kwako au saizi kubwa, kuna laini zaidi. Na aliyejifungua juzi asubiri amalize arobaini na achekiwe, na mwenye kizazi kilichoshuka aulize kabla.

Basi tukafika kwa dada yangu. Mtoto alimwambia mwenyewe, sikumtuma. Simu ikaja, "wewe ndo unamfundisha mwanangu kujitoa bikira?" Sikubishana sana siku hiyo, dada ni dada. Ila hili swali ni la kila nyumba huku kwetu na haliondoki kwa kulicheka. Kile kinachoitwa bikira ni kijinyama laini pembeni ya mlango wa uke, kina tundu tayari ndo maana damu inatoka, kwa wengine ni kipana kwa wengine chembamba, kinaweza kunyooka au kuchanika kidogo kwa kikombe na vinaweza visitokee hivyo vyote, na hakuna daktari wala bibi anayeweza kukiangalia akakuambia huyu kalala na mwanaume. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018 yalitaka huo upimaji upigwe marufuku kabisa. Nilimwambia dada hivyo baada ya wiki, akasema "sawa, ila mngeniambia." Hapo ana haki. Na binti ambaye moyo wake haujakubali kuingiza kitu, pedi zipo, vitambaa safi vilivyoanikwa juani vipo, asisukumwe na mtu wa semina wala na mamdogo.

Mi nilidhani hatarudia. Mwezi wa pili, michubuko imepona, kucha fupi, akanipigia mchana, akasema nataka nijaribu nikiwa sina haraka. Safari hii tukabadilisha utaratibu: kabla hata ya hedhi akajifunza kutoa, anaweka anakaa nacho dakika tano anatoa. Hapa nilikosea nusu, kukavu kunauma, ilibidi atumie jeli ya maji kidogo, sio mafuta ya nazi wala ya mgando, nikamwambia aache kuliko alazimishe. Akabadilisha na kukunja, badala ya C akabonyeza mdomo upande mmoja uingie ndani kama unakunja ua, inakuwa na ncha nyembamba, ikaingia mara ya kwanza. Elekeza nyuma kuelekea mgongoni sio juu moja kwa moja, watu wengi wanasukuma juu tu. Kamkia kalikuwa kanamchoma akikaa akakapunguza kidogo kidogo kwa mkasi, kikombe kikiwa nje ndugu zangu, nasema kwa sababu kuna mtu aliniuliza.

Sisi tuliokua na vyoo vya kuchuchumaa na kujisafisha kwa maji tuna faida hapa ambayo hakuna anayetuambia. Ule mkao wanaouelekeza kwenye video tunao toka tuna miaka mitatu, na kugusa huko chini kwa maji na mkono sio mshtuko kwetu.

Usafi nao ulitaka kuvunja urafiki pale chumbani, alichemsha kwenye sufuria la wali la mwenzake. Sasa ana kopo lake la maziwa ya unga, maji yakichemka kikombe kinakaa humo dakika tano hadi kumi kabla na baada ya kila hedhi, siku za katikati ni maji safi na sabuni isiyo na harufu na kuvisugua vile vitundu vidogo karibu na mdomo, maana vikiziba ule mgando unakuwa mkali zaidi na harufu inaanza hapo. Jiki hapana. Kuacha kopo jikoni ukaenda kuchati hapana, maji yakikauka silikoni inaungua na chumba kizima kinanuka plastiki, hilo lilishamkuta mtu ambaye ni mimi. Na baada ya hapo kinakaa kwenye kifuko cha kitambaa kipate hewa.

Alivuja mara mbili mwezi huo, moja ni kwamba hakikufunguka vizuri, ukizungusha kidole kuzunguka kitako ukakuta pamebonyea ndo bado. Akawa anaweka na pedi nyembamba kwa usalama. Sioni kosa lolote hapo, mi mwenyewe siku ya pili bado naweka.

Likizo alipanda basi Mwanza kuja Dar, siku ya pili ya hedhi, safari ya kutwa nzima. Nikawa na wasiwasi kuliko yeye. Wamefika Singida akanipigia, nikapokea haraka nikajua ni hilo, akasema mamdogo nitumie hela ya chipsi kuku, hapa dakika kumi na tano tu. Nikamtumia. Nikamuuliza, na kile umekitoa?

Akasema, "kipi?"